Bunduki Kwenye Mzigo wa Mama

Mume wangu alikuwa mkusanyaji wa bunduki za kale za kuwindia. Nalisema hili mwanzoni ili mtu asije akanihurumia baadaye akidhani nilifichwa jambo. Nilijua tangu siku ya posa. Mama alikuwa bado katika kambi ya wakimbizi, kwa hiyo posa aliipokea kaka yangu kule Alief, Houston. Mchumba wangu, badala ya kujisifia kazi yake ya kompyuta, akaanza kueleza habari za bunduki ya Kiingereza aliyokuwa ameinunua Fort Worth. Kaka akanivuta jikoni. "Huyu Mutanzania," akaninong'oneza, "pombe hapana, sigara hapana, na kanisani anasalaka. Kama kilema yake ni gobori ya bazungu benye balishakufa zamani, dada, kubali." Nikakubali.

Wakati huo alikuwa na moja. Tulipokuja kununua nyumba Garland na kupata mabinti wawili, ile moja ilikuwa imezaa kabati zima la vioo. Zote za Ulaya, zote za karne ya kumi na tisa: za Waingereza, Wajerumani, Waustria, zenye mitutu mirefu ya rangi ya kahawa na vitako vya mti wa mjozi vilivyong'aa kwa mafuta. Hakuwahi kuwinda hata sungura. Alichokipenda ni ufundi. Jumamosi asubuhi alitandika shuka kuukuu mezani, akavaa glavu nyeupe za pamba, akaifungua moja kipande kwa kipande, kisha akaniita nije nimtazame kulungu aliyechorwa kwenye bamba la chuma, manyoya ya shingo yake yakihesabika chini ya kioo cha kukuzia. "Hii si silaha, mke wangu," alikuwa akisema. "Hii ni saa yenye mdomo."

Mimi nilikuwa nauona mdomo. Saa sikuwahi kuiona.

Niseme wazi kwamba nilikuwa naziogopa. Mimi ni wa upande wa Uvira, nilitoka Kongo nikiwa mgongoni mwa mama, nikakulia kambini upande wa Kigoma. Bunduki zenyewe sizikumbuki. Ninachokumbuka ni watu wazima waliozikumbuka: kifuniko cha sufuria kilipoanguka jioni, mwanamume mzima mwenye ndevu alikuwa chini ya kitanda kabla kifuniko hakijaacha kuzunguka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi watoto hatukuumwa, ila tulijifunza kushtuka kwa kuwatazama wao, na somo hilo hakuna aliyelifeli.

Kwa hiyo kile chumba cha kabati nilikifagia nikiwa nimelielekea, nikarudi nyuma kinyumenyume hadi mlangoni. Nilitundika kitenge juu ya vioo. Jumamosi yeye alikitoa, akakikunja vizuri, akakiweka kitini. Jumapili mimi nikakitundika tena. Hatukugombana hata siku moja juu ya kitenge hicho. Ndoa nyingi zina kitenge chake, na yetu ilikuwa ndoa nzuri.

Kisha ikaja ile ya Kibelgiji.

Alikuwa ameitafuta muda mrefu: bunduki ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, vinyundo viwili vya nje vyenye umbo la mbwa, kazi ya mafundi wa Ubelgiji. Mjane mmoja mzungu, upande wa Katy, nje kidogo ya Houston, alikuwa akiuza vitu vya marehemu mumewe. Habari hizo zilifika wiki ileile niliyopanga kwenda Alief kumchukua mama. Mama alikuwa amefika Marekani hivi karibuni kwa mpango wa wakimbizi, akakaa kwa kaka. Lakini kaka alikuwa akifanya kazi ghalani usiku na kulala mchana, na mama alikuwa akishinda peke yake akitazama maegesho ya magari kama mtu anayesubiri basi. Tukaamua aje kwetu Garland akae na wajukuu.

Sasa, huku kwetu Texas hakuna Mwafrika anayesafiri kati ya Houston na Dallas kwa shughuli zake peke yake. Ukisema tu unakwenda, umeshakuwa lori la jamii nzima. Nimebeba samaki wakavu, nimebeba nguo za maharusi, nimebeba mbuzi aliyechinjwa akiwa ndani ya sanduku la barafu, na mwenye mbuzi alinipigia simu njiani mara tatu kuulizia hali yake. Mzigo haukataliwi. Anayekataa mzigo leo, kesho wake utakaa Houston mpaka uote ukungu.

Mume wangu alikuwa na zamu ya kazi mwisho wa wiki ile. Akaniomba kwa ile sauti yake ya kuomba kitu ambacho ameshakipata.

"Utapita tu, mama watoto. Ni njiani."

"Bunduki, ndani ya gari moja na mama yangu?"

"Si bunduki kwa maana hiyo. Kitu cha zamani namna hii serikali yenyewe haikihesabu kama silaha. Na hata ingekuwa mpya, Texas hii kubeba bunduki ndani ya gari si kosa. Halali mia kwa mia."

Nikamwambia kuna halali ya kwenye kitabu na kuna halali ya kando ya barabara, na hiyo ya pili inategemea nani anakutazama na amelalaje usiku. Kisha akasema, "Basi acha. Nitaona." Mume akisema basi acha kwa sauti ile, ujue umeshakwenda.

Mjane alinipokea kwa chai ya barafu. Alikuwa mama mdogo wa mwili, na nyumba yake ilikuwa imejaa vibandiko vya bei hadi kwenye vijiko. Alinikabidhi bunduki ikiwa imefungwa katika blanketi la farasi, akaishika kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akasema marehemu alikuwa akiipangusa kila Pasaka. Nikamwambia mume wangu naye ataipangusa. Nilimwonea huruma kweli. Lakini nilipoibeba kwenda garini, ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na uzito wake wote ulikuwa upande mmoja, kama mtoto aliyelala. Nilisikia jasho likinitiririka mgongoni, na halikuwa la joto la Houston.

Tatizo lilikuwa mama. Mama hakujua habari za kabati. Nilikuwa nimepanga kumwambia pole pole akishazoea nyumba, na mume wangu alikuwa ameahidi kulihamishia kabati mahali pengine, kwa sababu chumba chenyewe ndicho kilichokuwa kiwe cha mama. Wakati huo kabati lilikuwa bado halijaenda popote, kwani gereji ina unyevu na unyevu unaua mbao, na sebuleni mimi sikutaka. Basi nilipofika kwa kaka na kukuta mama anaombewa safari ndani na wamama wa kanisa, nikafanya haraka haraka. Mama alikuwa na mzigo mkubwa wa mablanketi aliokuwa ameufunga kwa kitenge, mablanketi aliyotoka nayo kambini na ambayo hakuna aliyeweza kumshawishi ayaache. Nikaulegeza, nikaingiza bunduki katikati ya mablanketi, nikaufunga tena, nikaulaza nyuma ya gari. Nilijiona mwerevu. Nani atafungua mablanketi ya bibi kizee?

Tukaondoka. Mama alikaa mbele kando yangu, mkoba wake mapajani, na ndani ya mkoba ule zilikuwa karatasi zake zote, maana kadi yake ya kijani, ile ya ukaazi, ilikuwa bado haijatoka. Watu walikuwa wamemwambia, na walimwambia kweli, kwamba mpaka itoke asijihusishe na kesi ya aina yoyote, hata ya kuku. Alikuwa akilikumbatia lile begi kama mtu aliyeambiwa ashike pumzi.

Mwanzoni alizungumza sana. Hizi ng'ombe zote za nani? Mbona hakuna mtu anatembea kwa miguu? Mbele kidogo ya Huntsville, tulipoingia kwenye ile misonobari mirefu, akauliza kama kuna watu wanaishi mule ndani. Nilijua anamaanisha watu gani. Nikamwambia hapana, mama, ni miti tu.

Katikati ya safari tulisimama kwenye kituo kimoja cha mafuta, vile vya Texas ambavyo duka lake ni kubwa kuliko soko la wilaya. Mama alikataa kushuka. Duka kubwa namna ile, alisema, linamchosha kabla hajaingia. Nikaenda msalani, nikanunua maji, niliporudi nikamkuta amefungua mlango wa nyuma wa gari, anavaa sweta.

"Hii baridi ya motoka yako," akasema, "inaingia mu mifupa."

Nikapunguza kipoza hewa. Tangu hapo hakusema tena. Alikaa ameegemea mlango, midomo ikichezacheza, nikajua anaomba, na mama kuomba ni jambo la kila saa. Nikadhani amechoka.

Mimi mwenyewe sikuwa mzima. Kila gari jeupe lililofanana na la polisi likitokea kwenye kioo lilinipandisha roho mpaka kooni. Niliendesha kama mtu aliyebeba trei ya mayai kichwani, mwendo uleule, mikono miwili kwenye usukani, sigusi redio. Na woga ule ndio ulioniponza. Nilikuwa nimehamia upande wa kushoto kulipita lori moja, na kwa kuogopa kubadilisha tena, nikabaki hukohuko, natambaa, bila kumpita mtu. Texas hilo ni kosa. Upande wa kushoto ni wa kupita tu, vibao vimeandikwa. Nilipokaribia Corsicana taa nyekundu na buluu zikawaka nyuma yangu.

Kila familia ya Kiafrika huku inafundishana jinsi ya kusimamishwa. Egesha pembeni. Zima gari. Shusha kioo. Mikono juu ya usukani, vidole wazi. Usiinamie kitu. Usitafute kitu. Usitoke. Hasa hilo la mwisho: usitoke, hata nyuki akiingia ndani. Wasichana wangu wanalijua kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Mama alikuwa bado hatujamfundisha, kwa sababu mama haendeshi.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeweka mikono juu ya usukani niliposikia mlango wa upande wake ukifunguka.

"Mama! Bakiya mu motoka! Mama!"

Hakugeuka. Alishuka, akaweka mkoba wake wa karatasi juu ya kiti, vizuri kabisa, kama anayeuacha kwa mtu. Akatembea kwenda nyuma, mikono yote miwili juu, kitenge chake kikipepea kwa upepo wa malori. Nilimwona kwenye kioo cha ubavuni. Na nilimwona askari akitoka kwenye gari lake, kijana, mwekundu usoni, mkono tayari kiunoni.

"Rudi ndani ya gari!" alipaza sauti kwa Kiingereza, ambacho mama hakijui. "Rudi ndani ya gari sasa hivi!"

Mama alishusha mkono mmoja, akafungua mlango wa nyuma. Nilipiga kelele. Nilipiga kelele kwa Kiingereza kwamba ni mama yangu, ni mzee, hajui lugha, tafadhali, na kwa Kiswahili nikimwambia mama aache, aache, aache. Sikuthubutu kuondoa mikono kwenye usukani. Hilo ndilo lililonitesa kuliko yote: mama yangu yuko nyuma yangu anakaribia kuuawa, na njia pekee ya kumsaidia ni mimi kukaa kama sanamu. Bastola ya askari ikatoka. Niliiona ikielekezwa kwenye ule mgongo ulionibeba kutoka Uvira.

Na mama anafungua fundo. Alivuta mzigo karibu, akafungua kitenge, akaanza kutandaza mablanketi moja moja, polepole, kwa adabu, kama anayemwonyesha mteja bidhaa. Huku anajipiga kifua kwa mkono mwingine. "Ya mimi," anasema. "Ya mimi. Yote ya mimi." Kisha nikasikia blanketi la farasi likiteleza, na askari akapiga ukelele.

Sikusikia mlio. Nilisubiri mlio, na haukuja. Nilipopata ujasiri wa kutazama kioo, mama alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe, mikono kisogoni, bila mtu kumfundisha. Magoti yake yalijua.

Yaliyofuata nayakumbuka vipande vipande. Nilitolewa garini, nikaketishwa kwenye majani kando ya mama. Gari la pili la polisi lilifika. Niliwaeleza kila kitu mara nyingi, bunduki ya kale, mume wangu, mjane wa Katy. Mama aliendelea kujigonga kifua kila askari alipomtazama, na mimi nikawa namshusha mkono.

Askari wa gari la pili alikuwa mtu mzima, mwenye masharubu ya mvi. Aliiinua bunduki kutoka kwenye mablanketi, akaikunjua katikati, akachungulia ndani ya mitutu kuelekea mbinguni. Ilikuwa tupu. Na hapo uso wake wote ukabadilika. Akaigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya vile vinyundo vya mbwa. "Mbelgiji," alimwambia mwenzake, kwa sauti ya mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Akaja kwangu, ambaye nilikuwa nimekaa chini nimelowa machozi na kamasi, akaniuliza kama mume wangu angekubali kuiuza.

Nilimchukia wakati ule kuliko yule wa bastola. Yule kijana angalau aliogopa pamoja nasi. Aliniandikia onyo la upande wa kushoto akikosea jina langu mara mbili.

Tulipoachiwa, nilikunja mablanketi mwenyewe, nikaingia garini, na kabla hata sijawasha nikamgeukia mama nikamkaripia. Sijawahi kumkaripia mama hivyo. Nilimwambia hapa si Uvira. Hapa hakuna bariyeri ya wanajeshi barabarani. Kule ulikuwa unashuka mwenyewe na kuwafungulia basoda mizigo kabla hawajauliza, ili wachukue wanachotaka na kukuacha hai. Hapa ukishuka unakufa. Umesikia, mama? Unakufa.

"Ndiyo, mama," akajibu. Kwetu mtoto wa kike huitwa mama na mama yake mwenyewe, na siku ile neno hilo lilinichoma. Akaomba maji. Alikunywa chupa nzima.

Tulipofika Garland, mume wangu alitupokea nje, shikamoo zake tayari, uso umejaa furaha ya mambo mawili. Nilipomweleza, furaha ile ilimtoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Alimshika mama mikono, akamwomba radhi, akasema kesho yake kabati lote linatoka nyumbani. Nasema haki yake: alimaanisha. Mama ndiye aliyekataa.

"Mukwe anapenda bitu byake," akasema. "Biache."

"Basi angalau tutoe chumbani mwako, mama."

"Hapana. Bikae mule mule. Mimi siogope."

Nikastaajabu. Nikajisemea, huyu mwanamke ni jasiri kuliko sisi sote. Akalala chumba kimoja na kabati, na ile ya Kibelgiji ikaingia humo ikiwa ya mwisho. Alikitoa kitenge changu juu ya vioo, akasema anataka kuziona. Jumamosi mume wangu alipoingia na glavu zake, mama alikaa kitandani akamtazama, akauliza ipi inafunguliwaje, ipi ni ya nchi gani. Mume wangu alifurahi mno kupata mwanafunzi.

Mimi sikupona. Mlango ukibishwa, moyo unadunda. Nilikuwa naendesha hadi kazini kwa barabara za ndani, nazunguka, nachelewa, ili tu nisiingie barabara kuu. Lakini kwa watu nilikifanya kisa cha kuchekesha. Ndivyo tulivyo. Baada ya ibada, sahani za wali mikononi, nilikuwa nikiigiza mama anavyotandaza mablanketi mbele ya polisi wa Texas, "ya mimi, ya mimi," na watu wanashika mbavu. Wakongo ndio waliocheka zaidi, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mama yake au shangazi yake ambaye angefanya vilevile. Mama naye alikuwa anacheka nao. Alikuwa anatabasamu, anaangalia sahani yake.

Kisha akamwomba binti yangu mkubwa amfundishe Kiingereza.

Nilifurahi hadi nikampigia kaka simu. Watoto wangu ukiwaongelesha Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, na nilikuwa nimeshaanza kuogopa kwamba bibi na wajukuu wataishi nyumba moja kama wapangaji. Sasa kila alasiri nilikuwa nawasikia kule chumbani, sauti moja nyembamba na moja nzito, wakirudia rudia. Nilidhani ni salamu. Nilidhani ni siku za wiki.

Siku moja nilikuwa natwanga sombe, kisamvu chetu, jikoni, nikasimama kupumzika mkono, na nyumba ikawa kimya, ila wao.

"No, Bibi. *She knows nothing.* Knows. Say it again."

"Oll di gansi a main," ikasema sauti ya mama, pole pole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Mai dota, shi nozi nating."

Nilisimama na mchi mkononi. Bunduki zote ni zangu. Binti yangu hajui kitu.

Niliingia chumbani. Walikuwa wamekaa kitandani, migongo kwenye kabati. Binti yangu akaniambia kwa fahari kwamba Bibi anataka sentensi hiyo tu, kila siku hiyo tu, za salamu hazitaki.

"Mama," nikasema, "hiyo ni ya kazi gani?"

Alinitazama kwa upole, kama mimi ndiye niliyefika juzi.

"Ile siku mu barabara ulinikaripia. Ulisema hapa hakuna bariyeri. Mama, kila fasi mwenye bunduki anakusimamisha, ile ni bariyeri. Na ku bariyeri, mwenye anafungua mzigo njo mwenye mzigo. Yeye njo banabeba kwenda kuua. Bengine banapita."

"Ulijua imo ndani?"

"Niliigusa wakati natafuta sweta. Chuma naijua. Nikaanza kuomba wasitusimamishe. Wakatusimamisha."

"Wangekuua!"

"Mimi ni muzee. Wewe uko na batoto." Alisema hivyo kama anayetaja bei ya chumvi. Halafu akashusha macho kwenye mikono yake. "Ile siku yetu, ya kule, walipata risasi moja mu unga. Hata leo sijui nani aliiweka. Baba yako njo alishuka kufungua. Nilitaka kushuka mimi. Lakini nilikuwa nimekufunga ku mugongo, ulikuwa umelala, nikaogopa utalia. Nikachelewa."

Maisha yangu yote niliambiwa baba alikufa vitani. Hakuna aliyenidanganya. Ni kwamba hakuna aliyeniambia ilikuwa kwa kufungua mzigo, wala kwamba mimi nilikuwa pale, mgongoni, nimelala.

Nilitaka kumwambia hapa sheria ni nyingine. Nilitaka kumwambia hakuna atakayekuja, na kama atakuja, sentensi ile ndiyo itakayompeleka jela na kumrudisha alikotoka. Nilifungua kinywa, na woga ulioingia ulikuwa mkubwa kuliko wa barabarani, kwa sababu barabarani nilikuwa naogopa polisi, na sasa nilikuwa namwogopa mama yangu na kile alichokuwa tayari kufanya kwa ajili yangu.

"Rudiliya," akamwambia mjukuu wake.

Mtoto aliniangalia kwanza, akitaka ruhusa. Mama hakutungoja. Aliketi wima, akaweka mkono kifuani, akaisema sentensi yote mwenyewe, na safari hii hakukosea neno.